Kisasi cha Mwenye Sauti (Sehemu ya 4)

Wadogo zangu mnaosoma huku mtoto ananyonya, poleni na kukesha. Wiki iliyopita tuliongea habari za kanga, jinsi mtu anavyopita mbele ya baraza la jirani na ujumbe mgongoni bila kufungua mdomo. Mkaniuliza wengi: na wale waliofungua mdomo je? Waliokosewa wakaimba? Haya, leo ni zamu yao. Chukueni chai kabisa, maana ni ndefu.

Twende Fumba, kijiji cha Unguja, karibu mwaka 1880. Amezaliwa mtoto wa kike, baba Mnyamwezi, mama Mzigua, watu wa asili ya utumwa. Mtoto akapewa jina la Mtumwa. Hebu fikiria mama, umekaa kliniki kwenye foleni, nesi anaita kwa sauti mbele ya watu wote: "Mtumwa binti Saad!" Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini jina la mtu halifutwi na karatasi ya serikali. Shule hakusoma. Alijifunza kufinyanga, akawa anabeba vyungu kichwani kwenda kuuza mjini, kwa miguu, huku anaimba ili wateja wasikie anakuja. Sauti ilitangulia, vyungu vikafuata.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko Ali Muhsin akamfundisha muziki, na pole pole akaingia kwenye kundi la wapigaji wanaume. Yule Mtumwa akaanza kuitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima zake. Ndiye Siti binti Saad mnayemsikia.

Sasa mjue taarab ya wakati ule ilikuwa mambo ya wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyeileta kasrini, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaimba Kiswahili. Mchukuzi akaelewa, muuza ndizi akaelewa, mama aliyekuwa jikoni kwenye harusi ya tajiri akaelewa. Mwaka 1928 akapanda meli na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri, na santuri zile zikauzwa pwani yote.

Hapo ndipo watu wakakereka. Jamani, mwanamke wa shamba, wa asili ile, anaalikwa kwa mabwana, analipwa, jina lake limeandikwa kwenye sahani ya santuri! Wakamtungia beti za kumzomea. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, ila maana yake ilikuwa hivi: tangu lini huyu amekuwa mtu? Si juzi tu kaja mjini peku, kavaa kaniki? Bila sauti yake angekula nini?

Angeweza kulia chumbani. Angeweza kutafuta mtu wa kumpigania. Yeye akatunga jibu, na jibu lake halikumtukana mtu. Alikubali kwamba uzuri wa sura hana, nasaba ya kujivunia hana, kisha akauliza kama hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu, akasema mtu ni akili yake. Basi. Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa, alipoandika wasifu wa Siti aliyaweka hayo yote, matusi na majibu. Na mimi napenda kuuliza: hao waliomzomea ni kina nani? Nani kati yenu anajua jina la hata mmoja? Matusi yao yamebaki duniani kwa sababu tu yalimlenga yeye.

Lakini kisasi kinachonikaa moyoni mimi kama nesi siyo hicho. Ni cha Kijiti.

Siti aliishi Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, walikojaa maskini na watu waliotoka utumwani. Jioni watu walikusanyika kwake, wakaleta habari za mchana: nani kafungwa, nani kadhulumiwa, mahakamani kumesemwa nini. Habari zikageuka nyimbo. Moja ya habari hizo ilihusu mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam aliyekuja Unguja kutembea. Mwanamume aliyeitwa Kijiti akamchukua, akaenda naye vichakani, akamtendea ukatili, akamuua. Mwanamke yule alikuwa mjamzito.

Naomba tusimame hapo kidogo. Roho mbili.

Kijiti akatoroka, akavuka bahari kwenda bara. Kesi ikafika kwa jaji. Na kwa mujibu wa wimbo wenyewe, waliotiwa ndani walikuwa mashahidi! Watu waliosimama kusema walichokiona ndio waliofungwa, muuaji yuko zake ng'ambo ya maji.

Mnaona kwa nini linanikaa? Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi. Nimepokea mama mwenye mimba ya miezi saba, jicho limevimba, kaletwa na jirani usiku. Ukimuuliza jirani jina lake ili uandike, anakwambia, "Nesi mimi niache, mimi nilimsindikiza tu." Ukitaja fomu ya PF3 na polisi, ukigeuka hayupo. Huwa simlaumu. Anajua kinachompata anayesema.

Siti yeye alisema, kwa jina. Hakuimba "mtu fulani". Aliimba Kijiti ni nani, kafanya nini, na mahakama nayo ikatajwa mle mle. Kisha wimbo ukamgeukia muuaji mwenyewe, ukamwonya asithubutu kwenda Dar es Salaam, huko anangojwa. Na watu wanamwapiza apate matende.

(Hapa unesi unanisukuma. Matende ni ule mguu unaovimba ukawa kama wa tembo. Yanaletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, si laana wala uchawi, na pwani yetu imeteseka nayo sana. Siku wakipita wagawa dawa za kinga mtaani kwenu mezeni, isipokuwa ukiwa mjamzito: mwambie mgawaji ukweli, atakuruka. Tuendelee.)

Fikiria Kijiti huko alikojificha. Mjini hakuna gazeti la kumfikia kila mtu, redio hakuna, na wengi hawasomi. Lakini wimbo unapita sokoni, unapanda jahazi, unafika bandarini Dar es Salaam kwa mdomo wa baharia. Serikali ilishindwa kumfuata kuvuka maji, wimbo ukavuka. Mimi naona hiyo ndiyo hukumu pekee aliyopata yule mama, na ilitolewa na mwanamke ambaye hakuwa na cheo chochote.

Baada ya Siti wanawake wa Zanzibar walianzisha vikundi vyao vya taarab, vingine na majina ya kivita kabisa, Royal Navy na Royal Air Force, wakarushiana maneno. Mombasa nako vikundi vya lelemama vilikuwa na ushindani wao, na aliyeharibu mtaani aliimbwa. Miaka ya 1990 tukawa na mipasho ya Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano. Kina mama wa rika langu mnakumbuka, msijifanye watakatifu. Na mnajua kutunza kunavyofanya kazi: ubeti unaomfaa adui yako ukifika, unanyanyuka na noti yako, unakwenda unacheza hadi kwa mwimbaji, njiani unamtupia jicho fulani pale kwenye kiti. Hujasema neno. Kesho ukiulizwa, "Mimi nilimtunza mwimbaji tu."

Nacheka, lakini nitasema wazi kwamba hiyo hainifurahishi kama ya Siti. Mpasho mwingi unampiga mke mwenza, shoga, jirani, mwanamke mwenzio ambaye hana nguvu kukuzidi. Nimeshamhudumia mzazi aliyekuja presha juu kwa sababu ya wimbo aliorushiwa kwenye harusi. Siti alilenga muuaji na mahakama.

Alifariki mwaka 1950. Mwaka 1987 wanahabari wanawake wa Tanzania walianzisha chama chao, TAMWA, ambacho kimepigania sana wanawake wanaopigwa na kubakwa, na jarida lao wakaliita Sauti ya Siti. Naye Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuimba wimbo wa Kijiti hata uzeeni, mbele ya watu ambao babu zao hawakuwa wamezaliwa mauaji yale yalipotokea. Jina la muuaji likitajwa kwenye maikrofoni, miaka mingi baada ya jaji kuondoka.

Sehemu ya 5 Jumapili, mtoto akilala. Tutaingia kwenye nyimbo za kubembelezea watoto, maana hata mle ndani wakwe wamesemwa vya kutosha.