Kuzubaa kwa Utumbo baada ya Upasuaji: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Lusu na Njia ya Misafara

Insha hii inachunguza jambo ambalo historia ya tiba hulipita haraka: siku chache zinazofuata upasuaji wa tumbo, wakati utumbo umezubaa, tumbo limejaa hewa, na mgonjwa hatoi upepo wala hashiki chakula. Tunaanzia Lusu, wilayani Nzega, mahali panapojulikana zaidi kwa mgodi wa dhahabu uliofungwa mwaka 2013. Mwanamke wa Lusu anapopasuliwa ili ajifungue, aghalabu huambiwa asile mpaka utumbo uamke. Agizo hilo lilitoka wapi?

Njia ya misafara iliyopita Unyanyembe ilileta matabibu wa Kizungu mapema. Ebenezer Southon, tabibu wa misheni aliyekaa Urambo kwa Mirambo tangu 1879, alifariki huko Julai 1882 baada ya kujeruhiwa mkono kwa risasi kwa bahati mbaya, na kukatwa mkono huo na watu wasio wapasuaji. Hata hivyo, huo ni upasuaji wa kiungo. Kwa tumbo yatupasa kuelekea kaskazini, hadi Kahura katika Bunyoro, ambako Robert Felkin alishuhudia mwaka 1879 mganga akimpasua mwanamke wa miaka ipatayo ishirini. Taarifa yake ilichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mgonjwa alileweshwa kwa pombe ya ndizi. Baada ya mtoto kutolewa, aligeuzwa kifudifudi ili majimaji yatoke tumboni. Jeraha likabanwa kwa vyuma vyembamba saba na kamba ya magome, likapakwa mizizi iliyotafunwa. Saa mbili baadaye mtoto alikuwa tayari ziwani. Vyuma viliondolewa kati ya siku ya tatu na ya sita, na siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limefunga.

Tusimfanye mganga huyo mtangulizi wa sayansi ya leo kwa ushahidi wa shuhuda mmoja. Lakini ni haki kumlinganisha na wapasuaji wa Ulaya wa wakati wake, ambao waliamini kwamba utumbo uliopasuliwa juu yake sharti utulizwe: wakatoa afyuni na kuzuia chakula. Afyuni hutuliza maumivu, lakini pia huufunga utumbo. Dawa ikazidisha ugonjwa. Lawson Tait wa Birmingham aliupinga mtindo huo katika miaka ya 1880, akitumia chumvi za haluli badala yake. Mwaka 1899 Bayliss na Starling walionyesha kwamba kufunguliwa kwa tumbo kwenyewe huamsha mishipa ya fahamu inayousimamisha utumbo. Mwaka huohuo Emil Ries wa Chicago alitetea kuwalisha na kuwainua wagonjwa mapema. Cannon na Murphy, mwaka 1906, wakaongeza kwamba kushikwashikwa kwa utumbo huuzubaisha kuliko nusu kaputi yenyewe. Kwa maneno mengine, mpasuaji alikuwa sehemu ya chanzo, na mgonjwa ndiye aliyeadhibiwa kwa njaa.

Ajabu ni kwamba hoja ya Ries ilichukua takribani karne nzima kukubalika. Henrik Kehlet wa Denmark, katika miaka ya 1990, ndiye aliyeunganisha mambo hayo kuwa utaratibu mmoja: kupunguza afyuni na jamii yake, kutumia ganzi ya mgongoni, kutozidisha maji ya mishipani, kulisha mapema na kutembeza mapema. Watafiti wa Japani waliongeza mwaka 2002 jambo linalochekesha wanafunzi: kutafuna ubani wa dukani, kwa kuwa kutafuna huudanganya utumbo kwamba chakula kinakuja.

Karibu yote haya yanawezekana katika wadi za Nzega, Ndala au Kitete bila mashine mpya. Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayepika; yuko nje na chupa ya uji tangu alfajiri. Kinachomzuia mlangoni, kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji usio na matatizo, ni desturi iliyozaliwa katika wadi za Ulaya za enzi ya afyuni, nayo ilikwisha kupingwa kwa maandishi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.