Lupasi: Ugonjwa Uliodhaniwa Hauko Afrika

Leo tunazungumzia magonjwa ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini, hushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, mishipa ya damu na hata figo. Yako kadhaa, kama baridi yabisi ya viungo na ule wa ngozi kukakamaa. Tutashika mmoja, lupasi, kwa sababu kati ya wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa.

Jina hili ni la Kilatini, maana yake mbwa mwitu. Waganga wa Ulaya zamani waliona vidonda vya uso kana kwamba mgonjwa ameumwa na mnyama huyo. Kwa karne nyingi walidhani ni ugonjwa wa ngozi tu. Mwaka 1872 daktari Moriz Kaposi wa Vienna alieleza kwamba wagonjwa wengine hupata pia homa na maumivu ya viungo, na hata kufa.

Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani, Malcolm Hargraves na wenzake waligundua chembe maalum katika uboho wa wagonjwa wa lupasi. Mwaka huohuo, hapohapo, Philip Hench alimpa mama mmoja mwenye baridi yabisi dawa ya kotisoni. Siku chache baadaye mama huyo alitembea vizuri. Dawa za malaria nazo zilisaidia: kwinini ilijaribiwa mwaka 1894, na mepakrini mwaka 1951. Hata hivyo, ripoti ya Marekani ya mwaka 1955 ilionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa walikufa ndani ya miaka 4. Leo, mahali penye huduma nzuri, walio wengi sana huishi miaka mingi.

Na huku kwetu? Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyefanya kazi Nigeria, aliandika kwamba magonjwa haya ni nadra huko, akadhani huenda malaria na vimelea vinayazuia. Lakini waliotafuta waliyapata. Mwaka 1979 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa wa baridi yabisi nchini Kenya, na mwaka 1980 madaktari wa Uganda wakaeleza lupasi kwa wagonjwa wao. Ugonjwa ulikuwepo, vipimo na wataalamu ndio waliokuwa wachache.

Mama, hapa ndipo historia inapotugusa. Sisi wa karibu na bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, tumezoea kuita kila homa malaria. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kama kipimo hakionyeshi malaria na homa inarudi, usinunue dawa dukani tena na tena. Wala usiseme amerogwa. Lupasi haiambukizi, na figo zinaweza kuharibika huku tukisubiri.

Angalia dalili hizi:
- viungo kuvimba na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya wiki 6;
- upele wa mashavuni na puani, unaozidi kwa jua; kwenye ngozi yetu huweza kuwa mweusi au wa zambarau badala ya mwekundu;
- nywele kunyonyoka, vidonda vya mdomoni, uchovu usioisha;
- miguu kuvimba au mkojo wenye povu;
- mimba kuharibika mara kwa mara.

Ukiona mbili au zaidi pamoja, nenda kituo cha afya. Miguu ikivimba au mkojo ukiwa na povu, usingoje dalili ya pili: nenda siku hiyo. Omba mkojo upimwe protini, na damu pia. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Daktari hujumlisha dalili na majibu ya maabara. Ikibidi utapewa barua ya rufaa kwenda Machakos au Nairobi.

Dawa kuu leo ni haidroksiklorokwini, jamaa ya dawa zile za malaria. Anayeitumia apimwe macho kila inapoagizwa. Prednisoloni hupunguza uvimbe haraka, lakini usiiache ghafla hata ukijisikia nafuu, kwani ni hatari. Jikinge na jua kwa kofia na mikono mirefu. Ukitaka mtoto, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu baadhi ya dawa hudhuru mtoto tumboni, na ni vyema ugonjwa uwe umetulia kwa miezi 6.

Mlezi, kama binti yako analalamika amechoka kila siku, usimwite mvivu. Mpeleke apimwe.