"Awe Mwaminifu": Tangazo la Kazi na Kivuli cha Kipande

Ingia group yoyote ya kazi pale WhatsApp, tangazo la kutafuta mtu wa usafi utalitambua hata ukiwa nusu usingizini. "Anahitajika dada wa kusafisha. Awe mwaminifu, mwenye bidii, asiwe na maneno mengi." Halafu namba ya simu. Mimi hulisoma mara mbili nikitafuta kazi yenyewe iko wapi. Ni vyumba vingapi? Madirisha ya nje yamo? Sabuni ni ya nani, na nauli je? Hakuna. Tumemweleza mtu, kazi tumeiacha.

Kwa maoni yangu hii tabia ina miaka mia moja na zaidi, na tuliirithi bila kuulizwa.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Kuanzia miaka 16, ilibidi utembee na kipande: karatasi yenye jina lako, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, siku ulipoanza na siku ulipoachishwa. Karatasi ilikaa ndani ya kijibati, na kijibati kikaning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, ile kengele anayovishwa mbuzi. Jina linajieleza.

Sasa ona ujanja wake. Mshahara uliandikwa pale, lakini si kwa faida yako. Mwajiri wa pili aliusoma akajua wa kwanza alikuwa anakulipa ngapi, kwa hivyo hata kubargain ilikuwa kazi bure. Na ukitoroka kabla ya kutiwa sahihi ya kuachishwa, hilo lilikuwa kosa la jinai. Kwa wafanyakazi wa nyumbani, wapishi na wale walioitwa "boi" hata wakiwa na wajukuu, miaka ya 1920 ilileta sheria yao pekee na kitabu chekundu cha kuandikiwa tabia. Yaani riziki yako ya kesho ilitegemea bibi wa nyumba ameamka vipi leo.

Watu hawakunyamaza. Kipande kilikuwa kati ya malalamiko makubwa ya Harry Thuku, na alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru alisimama mbele akawatia wanaume aibu wasirudi nyuma. Risasi zikapigwa, naye akauawa. Usajili wa watu wa rangi zote ulikuja kwa sheria ya 1947.

Ruka hadi Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 10 kinataka mwajiri aandike maelezo ya kazi, mahali, saa na malipo. Kesi ikifika kortini na mwajiri hana mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kifungu cha 51 ndicho mimi hupenda zaidi: ukiondoka unapewa cheti cha utumishi kinachosema ulifanya kazi gani, wapi, kuanzia lini hadi lini. Kuhusu tabia yako, mwajiri halazimiki kuandika lolote. Kitabu chekundu kimegeuzwa kichwa chini, kwa karatasi angalau.

Kwa karatasi, kwa sababu mama yangu mdogo alifanyia kampuni moja ndogo ya usafi, sitaitaja, na karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja: "usafi na kazi nyingine yoyote utakayopewa." Hiyo "nyingine yoyote" ikawa kufua makapeti, kuchunga mtoto wa mteja, na Jumamosi kuosha gari la bosi. Alipouliza malipo ya ziada, akaambiwa yeye si mwaminifu kama walivyodhani. Umeona hilo neno limerudi?

Najua mwenye biashara atasema, "Mimi niko na watu watatu tu, mambo hubadilika kila siku." Ni kweli, mteja anaweza kuhama ghafla na nyumba ionyeshwe kesho yake. Basi andika hivyo. Rafiki yangu anayeanza biashara ya usafi Ruaka aliniomba nimsaidie na tangazo lake, tukatoa "mwaminifu" tukaweka haya: nyumba mbili kwa siku, za vyumba viwili, kupiga deki, choo, jiko, madirisha ya ndani. Ya nje hapana, hasa ghorofani. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Sabuni, glavu na nauli juu yetu. Kapeti na makochi hulipwa kando, na bei tukaiandika. Kazi ya ghafla unaambiwa jana yake, na unaweza kukataa.

Hapo kwa "kukataa" alitaka kufuta. Tukabishana karibu nusu saa, mwishowe akaiacha.