Maneno Matatu ya Kifungu cha 9: Asili ya Tafsiri ya Ndoa katika Sheria ya Mwaka 1971

Ndoa yoyote inayofungwa Tanzania Bara, iwe ya kidini, ya kimila au ya kiserikali, iwe Mutuka mjini Babati au Tarime mkoani Mara, hupimwa kwa kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971. Kifungu hicho huitafsiri ndoa kuwa muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maishani mwao. Katika mjadala wa sasa kuhusu usawa wa wapenzi wa jinsia moja, maneno matatu, “mwanamume na mwanamke”, huchukuliwa kuwa sauti ya mila zetu. Insha hii inadai kwamba asili yake ni ya mbali zaidi, na kwamba yalipoingizwa sheriani ubishi ulikuwa juu ya jambo jingine.

Asili hiyo ni hukumu ya Kiingereza ya mwaka 1866, Hyde dhidi ya Hyde, iliyohusu ndoa iliyofungwa Utah kwa taratibu za Wamormoni. Jaji Lord Penzance aliieleza ndoa ya Kikristo kuwa muungano wa hiari, wa maisha, wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, usiomwingiza mtu mwingine yeyote. Kilichomsumbua jaji ni mitala. Miaka mia moja baadaye mitala ndiyo iliyoisumbua pia Tanzania: Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969 ulizua mabishano kuhusu wake wengi, ridhaa ya mke wa kwanza na mamlaka ya dini. Ukilinganisha matini hizi mbili utaona kilichotokea. Neno “mmoja” limeondoka, na sharti la kutoingiza mtu mwingine limeondoka. Vilivyobaki ni hiari, maisha, mwanamume na mwanamke. Waliotunga sheria walirekebisha lile walilobishania, wakaliacha lile ambalo halikubishaniwa.

Walioachwa nje kwanza hawakuwa wapenzi wa jinsia moja wa mjini, bali wanawake wa Kikurya. Katika desturi ya nyumba ntobhu, mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke kijana. Kijana huyo huzaa na mwanamume aliyeridhiwa, na watoto huwa wa nyumba ya yule mwoaji. Hapa inafaa kutahadhari. Wapo wanaoitumia desturi hii kama ushahidi wa mapenzi ya jinsia moja katika Afrika ya kale, na hilo ni kuivuta mno. Regina Oboler, aliyeandika mwaka 1980 kuhusu Wanandi wa Kenya, alionyesha kuwa mwanamke mwoaji huhesabiwa kuwa mwanamume, hasa katika mambo ya mali na urithi. Desturi ililinda ukoo wa kiume, haikuupinga. Hata hivyo inatosha kukanusha dai kwamba mila haikujua ndoa nyingine.

Kenya imeshughulikia pengo hili kwa namna ya kushangaza kidogo. Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 45, inampa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti; lakini mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa ya wanawake wa Kinandi katika shauri la mirathi.

Jinai ina historia yake. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ni urithi wa mkoloni, lakini adhabu ya sasa, kifungo cha maisha na kisichopungua miaka 30, ni kazi ya Bunge letu la mwaka 1998. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi mwaka 2004 ilipotaja na kuadhibu muungano wenyewe wa watu wa jinsia moja. Mwaka uliofuata Uganda iliukataza katika katiba. Miaka hiyohiyo Afrika Kusini ilikuwa ikielekea upande mwingine, kwa hukumu ya mwaka 2005 na sheria ya mwaka 2006. Ndipo tafsiri ya ndoa ilipogeuka kuwa ngome iliyojengwa kwa kukusudia, jambo ambalo haikuwa mwaka 1971.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya 13 na 17 vya sheria hii, vilivyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka 18, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kifungu cha 9 hakikuguswa na shauri hilo. Dhana ya ndoa ya kifungu cha 160, inayowalinda walioishi pamoja miaka miwili, nayo inamtaja mwanamume na mwanamke. Mke wa nyumba ntobhu akifukuzwa baada ya kulima shamba la mwoaji wake miaka ishirini, kifungu cha 114 cha mgawanyo wa mali hakimfikii.