Kutoka Diski ya Posta hadi Flashi: Mfumo Endeshi Huria Wafika Nyanda za Juu Kusini

Mfumo endeshi ni programu inayoamka mapema kompyuta inapowashwa, ikagawa kumbukumbu, ikasoma diski, ikazipa nafasi programu nyingine zifanye kazi. Mfumo endeshi huria ni ule ambao leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Ruhusa hiyo ya mwisho, ya kugawa, ndiyo iliyouwezesha mfumo huu kufika mbali na miji mikubwa. Igowole, kata ya Wilaya ya Mufindi katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, iliyo kwenye barabara inayochepuka Nyololo kuelekea Kibao na Mtwango, ni mfano wa sehemu ambako programu hufika jinsi bidhaa nyingine zinavyofika: mtu anatoka nayo mjini mkononi.

Tanzania ilianza kutumia kompyuta mapema. Wizara ya Fedha ilifungiwa mashine yake ya kwanza mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo na hasara katika mitambo hiyo, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na katazo hilo likaja kulegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Hivyo wakati Richard Stallman anatangaza nchini Marekani, Septemba 1983, kwamba anaanza kuandika mfumo huria aliouita GNU, Watanzania waliowahi kugusa kompyuta walikuwa wachache mno. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwaarifu wenzake kwamba anatengeneza kiini cha mfumo endeshi. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GNU, na kiini hicho pamoja na programu za GNU vikawa mfumo kamili ambao wengi huuita Linux kwa kifupi.

Nchini, kazi kubwa katika historia hii ilifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Idara ya Sayansi ya Kompyuta, ikishirikiana na wataalamu wa Sweden na kwa msaada wa fedha wa nchi hiyo, iliendesha mradi wa Kilinux, uliokusudia programu huria zizungumze Kiswahili. Desemba 2004 mradi ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, zilizofanya kazi katika Linux na katika Windows pia. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuziweka programu zake katika Kiswahili.

Uzito wa Kilinux haukuwa katika menyu peke yake. Kabla ya kutafsiri ilibidi maneno yapatikane, na kila neno lilikuwa na mjadala wake. Kifaa cha kusogeza mshale kiitwe kipanya au puku? Mashine yenyewe ibaki kompyuta, au iwe tarakilishi kama wanavyopendelea wengi Kenya? Faili, folda, kivinjari, nywila, hariri, hifadhi: maneno ambayo leo mwanafunzi huyasoma bila kusita yalihitaji watu wa kuyapima moja baada ya jingine. Leseni ya programu huria ndiyo iliyoifanya kazi hiyo iwezekane, kwa sababu hakuna kampuni iliyopaswa kuombwa kibali. Lugha iliingia kwenye programu kwa uamuzi wa wenye lugha, na hilo linastahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa sasa.

Oktoba 2004 lilitoka pia toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye shina moja na utu wa Kiswahili. Ubuntu ilileta utaratibu wa ukarimu wa pekee: aliyeomba alitumiwa diski bure kwa posta, popote alipo duniani. Kwa Tanzania, ambako barua huenda kwenye sanduku la posta, maana yake ni kwamba shule au kanisa lenye sanduku mjini liliweza kupokea mfumo mzima bila kulipia intaneti wala diski. Utaratibu huo ulikoma mwaka 2011. Aliyekosa diski ya posta alinakili ya mwenzake, au alimtafuta mwenye mtandao wa chuo ampakulie na kumchomea. Nakala ya nakala ilikuwa halali sawasawa na ile ya kwanza.

Ukiacha upatikanaji wa diski, kizuizi kingine kilikuwa umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na huko Mufindi mtambo mdogo wa maji wa Mwenga, wenye uwezo wa megawati 4, ulianza mwaka 2012 kuhudumia viwanda vya chai pamoja na vijiji. Lakini hata pale ulipofika, umeme unapokatika ghafla, kompyuta ya mezani huzimika katikati ya kuandika kwenye diski. Hapo Linux ilikuwa na kinga: tangu mwaka 2001 kiini chake kilikuwa na mfumo wa mafaili wa ext3, unaoweka daftari la mabadiliko kabla ya kuyatekeleza, ili mashine ikiwashwa tena ijue ilikoishia. Daftari hilo halimrudishii mtu barua ambayo hakuihifadhi, lakini hupunguza sana hatari ya diski nzima kuvurugika.

Taabu nazo zilikuwepo. Kwa fundi wa kawaida, kuitengeneza kompyuta kulikuwa ni kupiga Windows, na nakala iliyopigwa mara nyingi haikuwa imelipiwa. Mteja aliyepewa Linux alikuta barua yake, ikifunguliwa ofisini, mistari imesogea na herufi zimebadilika. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa herufi za Liberation, zenye upana sawa na zile za Microsoft, na kero hiyo ikapungua. Modemu ndogo za kampuni za simu zilisumbua zaidi. Zikichomekwa zilijitambulisha kwanza kama diski yenye programu ya Windows, na zilihitaji programu ndogo ya kuzigeuza ziwe modemu. Programu hiyo ilipatikana bure mtandaoni, na mtandao ndio uliokuwa haupo. Mkongo wa mawasiliano wa SEACOM uliotua Dar es Salaam mwaka 2009, kisha simu zenye bando, ndivyo vilivyofungua njia.

Kilichowasukuma pia watu kwenye Linux ni umri wa mashine. Kompyuta nyingi huingia nchini zikiwa mitumba. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020 na Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi mashine nyingi za zamani. Mifumo myepesi kama Lubuntu, au Linux Mint yenye mazingira ya Xfce, hufanya kazi vizuri kwenye mashine hizohizo. Mashine za kale kabisa, zenye kichakataji cha biti 32, zina nafasi finyu zaidi, kwani hata Debian ilipotoa toleo la 13 mwaka 2025 iliacha kutengeneza kisakinishi kwa ajili ya mashine hizo.

Kwa anayeanza leo Igowole, diski imekwisha kuwa flashi. Faili la mfumo lina ukubwa wa gigabaiti 2 au 3, au zaidi, kwa hiyo ni nafuu kulipakua mara moja Mafinga au Iringa kuliko kulimalizia bando kijijini, kisha flashi moja ikazungushwa kwa watu wengi. Faili huandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu, maana kulinakili kama picha au wimbo hakutaifanya kompyuta iweze kuwaka nayo. Mashine huwashwa flashi ikiwa imechomekwa, na menyu ya kuanzia huitwa kwa kitufe kinachotofautiana kwa kila aina, mara nyingi F12, F9 au Esc. Mfumo huwaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski ya ndani. Hapo hujaribiwa sauti, intaneti na printa. Mafaili ya zamani huhamishwa pembeni kabla ya kusakinisha, kwa sababu chaguo la kufuta diski yote halirudishi kitu. Asiyeridhika na jaribio, kabla ya kusakinisha, huzima, huchomoa flashi, na kompyuta huwaka tena kama ilivyokuwa.