Mama Aliyeachwa Nje ya Leba

Wadau, kuna neno linavuma mjini siku hizi: doula. Wengine wanalitamka kwa mbwembwe, utadhani kazi yenyewe imebuniwa jana. Doula si daktari wala mkunga. Hazalishi, hachomi sindano. Anakaa na mzazi tangu uchungu unapoanza: anamsugua mgongo, anampa maji, anamshika mkono, anamweleza kinachoendelea. Sasa niambieni, shangazi zetu walikuwa wakifanya nini?

Neno lenyewe ni la Kigiriki, na zamani lilimaanisha mjakazi (jina gani hilo la kumpa mtu wa heshima!). Dana Raphael, mwanaanthropolojia wa Marekani, alilitumia katika kitabu chake cha 1973 kuhusu kunyonyesha, na yeye alikuwa anamzungumzia hasa mwanamke anayemsaidia mzazi baada ya kujifungua. Habari za leba zilikuja baadaye.

Huko kwao Marekani, mwaka 1900 karibu watoto wote walizaliwa nyumbani, mama akiwa amezungukwa na majirani na ndugu wa kike. Kufikia miaka ya 1950 karibu wote walizaliwa hospitali. Hospitali ilileta damu, upasuaji na dawa, ikaokoa maisha mengi, hilo halina ubishi. Ila ndugu aliishia mlangoni. Mwaka 1958 jarida la Ladies' Home Journal lilichapa barua za wasomaji waliosimulia jinsi walivyofungwa kwenye vitanda wakiwa na uchungu, peke yao.

Nani alimrudisha yule ndugu? Cha ajabu, takwimu. Madaktari wa watoto John Kennell na Marshall Klaus, pamoja na wenzao, walifanya utafiti katika hospitali moja ya Guatemala ambako wazazi walikuwa wakijifungua bila mtu wa kwao. Baadhi yao wakapewa mwanamke wa kukaa nao, mtu wa kawaida asiye na mafunzo yoyote, wala hawakuwa wanafahamiana. Matokeo yalitoka mwaka 1980. Wale waliokuwa peke yao walichukua wastani wa saa 19 tangu kupokelewa hadi kujifungua. Waliokuwa na mwenzao, chini ya saa 9. Utasema ni wanawake 40 tu waliolinganishwa, na ni kweli, wachache mno.

Basi wakarudia Houston, Texas, na wanawake zaidi ya 600 waliokuwa wanazaa kwa mara ya kwanza. Matokeo ya 1991 ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Walioachwa kwenye utaratibu wa kawaida, asilimia 18 walifanyiwa upasuaji. Waliokuwa na doula, asilimia 8. Lakini kulikuwa na kundi la tatu: humo chumbani aliwekwa mwanamke wa kuandika tu anachokiona, hasemi na mzazi, hamgusi. Hilo kundi lilipata asilimia 13. Yaani mtu amekaa kimya pembeni na kalamu yake, na bado mambo yakaenda nafuu!

Mwaka 1992 Kennell, Klaus na wenzao wakaanzisha chama cha madoula cha Amerika Kaskazini, na kazi ya jirani ikawa na cheti na bei. Sina ugomvi na cheti. Ila mwanamke aliyesaidia kule Guatemala hakuwa nacho.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe leba na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kwetu Tanzania jambo hilo lilijaribiwa Kigoma kati ya 2016 na 2018, kwenye mradi wa Thamini Uhai. Hata hivyo, leba zetu nyingi bado zinamwacha mama mkwe kwenye benchi la nje na kapu la kanga na chupa ya chai. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa vitanda vimebanana na hakuna mapazia, akiingia mgeni wa mmoja atawaona wote. Ni sababu ya haki kabisa. Lakini hiyo ni hoja ya pazia, si ya kitabibu, na bajeti ya pazia mama mkwe mwenyewe angeweza kuitaja palepale benchini.