Risasi za bunduki ya wenzo: Shabaha hutengenezwa mezani kabla ya mwituni

MSIMU wa kuwinda kulungu hufunguliwa majira ya vuli katika sehemu nyingi za Marekani. Hata hivyo, kwa baadhi ya wawindaji kazi huanza miezi mingi kabla ya hapo, nyumbani, mezani, mbele ya mizani ndogo na mkebe wa baruti. Hawa ni watu wanaoshindilia risasi zao wenyewe badala ya kutegemea zile za dukani.

Sababu moja ya kufanya hivyo ni gharama, kwa kuwa ganda la shaba nyeupe lililokwisha kutumika laweza kujazwa tena mara kadhaa. Sababu kubwa zaidi ni usahihi wa shabaha. Kila bunduki ina tabia yake, na risasi inayopendwa na moja huenda ikakataliwa na nyingine ya muundo uo huo.

Miongoni mwa silaha zinazohitaji uangalifu mkubwa katika shughuli hii ni bunduki ya wenzo. Hii ni ile ambayo mpigaji husukuma wenzo ulio chini ya kifyatulio ili kutoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya. Mashuhuri zaidi ni Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Moses Browning. Hadi kiwanda cha New Haven kilipofungwa mwaka 2006, zaidi ya bunduki milioni saba za muundo huo zilikuwa zimetengenezwa. Risasi yake maarufu, .30-30, ilitokea mwaka 1895 na ilikuwa miongoni mwa risasi za kwanza za kuwindia nchini humo kutumia baruti isiyo na moshi.

Sehemu nne za risasi

Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka kuelekea kwenye shabaha. Mshindiliaji hulisafisha ganda, hulikagua kama lina ufa, kisha hulipitisha katika kalibu ili lirudie umbo lake. Baada ya hapo huweka fataki mpya, hupima baruti, hukisukuma kichwa mahali pake na kukaza mdomo wa ganda.

Baruti na vichwa hupimwa kwa greni, na greni moja ni takribani gramu 0.065. Vichwa vya .30-30 vinavyotumika zaidi vina uzito wa greni 150 au 170, yaani karibu gramu 9.7 na 11.

Katika kazi hii kanuni kuu ni ulinganifu. Risasi 20 zinazofanana kwa kila kipimo zitatua karibu karibu, hata kama haziendi kasi sana. Zisipofanana zitatawanyika, hata kama kila moja ina nguvu za kutisha. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Bomba laamua umbo la kichwa

Bunduki nyingi za wenzo huhifadhi risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu. Humo risasi hulala moja nyuma ya nyingine, ncha ya iliyo nyuma ikigusa fataki ya iliyo mbele. Iwapo ncha hiyo ni kali na ngumu, mshtuko wa bunduki inapolipuka waweza kuigonga fataki na risasi ikalipukia ndani ya bomba, sentimita chache tu kutoka kwenye kiganja cha mpigaji.

Ndiyo maana vichwa vya bunduki hizi huwa bapa au butu. Umbo hilo hukinzana sana na hewa, hivyo risasi hupoteza kasi upesi. Katikati ya muongo wa 2000, kampuni ya Hornady ilileta vichwa vyenye ncha laini ya kunyumbuka, ambayo ni salama ndani ya bomba.

Aidha, bomba hilo lina springi inayosukuma risasi kwa nyuma. Mdomo wa ganda usipokazwa vyema, kichwa huzama ndani, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda. Ili mikazo yote ifanane, sharti maganda yawe na urefu mmoja. Ganda la .30-30 halipaswi kuzidi milimita 51.8, na risasi nzima isizidi milimita 64.8, ama sivyo itakwama katika mtambo.

Kutafuta kipimo

Mshindiliaji mwenye busara hufuata kitabu cha vipimo kilichochapishwa na watengenezaji wa baruti au vichwa. Huanza na kiwango cha chini kilichoandikwa humo, akatengeneza risasi chache, kisha akapanda hatua kwa hatua, pengine nusu greni kila mara. Hakivuki kamwe kiwango cha juu.

Mara nyingi, kipimo kinachotoa shabaha nzuri hupatikana kabla ya kufikia kilele. Anayekimbilia kilele kwa tamaa ya kasi huenda akakosa alichokuwa akikitafuta.

Tahadhari hii ina uzito wa pekee hapa. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa .30-30 ni pauni 42,000 kwa inchi mraba, ilhali risasi ya .30-06, iliyozoeleka katika bunduki za komeo, huruhusiwa pauni 60,000. Wengi hutazama fataki iliyobapika kuwa ishara ya hatari. Lakini katika bunduki ya wenzo ishara hiyo yaweza kuchelewa kuonekana hadi kikomo kiwe kimekwisha kuvukwa. Anayeisubiri ishara anahatarisha macho na vidole vyake.

Majaribio nayo yataka subira. Bomba na pete zake zimeshikamana na mtutu, na mtutu ukipata moto huvutana navyo na kuhamisha shabaha. Kwa hiyo mpigaji hufyatua risasi tatu au tano, akaacha mtutu upoe kabla ya kujaribu kipimo kingine. Bila hivyo, atailaumu baruti kwa kosa la joto.

Shabaha ina maana gani?

Bunduki ya aina hii ikiweka risasi zake ndani ya duara la sentimita 5 kwa umbali wa mita 100, mwenyewe ana haki ya kuridhika. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa takribani sentimita 20.

Hata hivyo, bunduki iliyorekebishwa kulenga sawasawa kwenye yadi 100 itashusha risasi ya .30-30 kwa karibu sentimita 20 ifikapo yadi 200. Hakuna ushindiliaji utakaoifuta sheria hiyo ya maumbile. Mwindaji mwadilifu huijua mipaka ya silaha yake na huacha kufyatua mnyama anapokuwa mbali mno. Risasi iliyokosea kwa shubiri moja yaweza kumwacha mnyama akitoroka na jeraha, akafa kwa mateso kichakani bila kuonekana.

Bunduki za wenzo zina historia pia katika ardhi yetu. Theodore Roosevelt alipowasili Mombasa Aprili 1909, muda mfupi baada ya kuondoka madarakani Marekani, alikuja na Winchester ya muundo wa 1895 yenye risasi za .405, ambayo aliitumia kuwindia simba. Muundo huo haukuwa na bomba. Risasi zake zilikaa katika kisanduku, moja juu ya nyingine, hivyo ungeweza kutumia vichwa vyenye ncha kali bila hofu ya fataki.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa aina hiyo mwaka 1977. Huko Marekani unakoendelea kihalali, mizani ya mezani ni sehemu ya wajibu wa mwindaji: kila greni aipimayo huchangia kuamua iwapo mnyama ataanguka papo hapo au atakimbia akivuja damu.